Stefano Kaoze: padri wa Marungu aliyeandika juu ya akili na tabia za watu wake

MOBA – Mwanafunzi wa Kongo anayeandika tasnifu ya udaktari juu ya tabia za watu kazini huanza karibu kila mara na majina ya ng'ambo. Anaanza na Frederick Taylor, Mmarekani aliyetoa mwaka 1911 kitabu juu ya namna ya kupima na kupanga kazi ya mfanyakazi. Anaendelea na Elton Mayo na utafiti wa kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, ulioanza mwaka 1924 na kuwaonyesha wakubwa wa makampuni kwamba mfanyakazi si mikono tu, bali ana moyo na anataka kuheshimiwa. Moba haitajwi popote.

Hata hivyo, mwaka uleule wa 1911, gazeti moja la Ubelgiji lililoitwa La Revue Congolaise lilikuwa linamalizia kuchapa andiko la kijana mseminari kutoka milima ya Marungu, juu ya mwambao wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Jina lake ni Stefano Kaoze. Andiko lake liliitwa La psychologie des Bantu, yaani saikolojia ya Wabantu, na wasomi wengi wanalihesabu kuwa andiko la kwanza la Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa.

Kaoze hakuandika juu ya kiwanda wala mshahara. Aliandika juu ya jambo lililo chini ya hayo yote: Mwafrika anajua namna gani, anatofautisha vipi wema na ubaya, anaishi na wenzake kwa sheria gani. Kwa mkubwa yeyote aliyekuwa na Waafrika chini yake wakati ule, awe padri, mwajiri au mtawala, jibu la swali hilo ndilo lililoamua kama mtu anaweza kukabidhiwa kazi na kuaminiwa nayo. Kaoze alilijibu kwa kalamu. Kisha akaishi miaka 40 mingine ndani ya taasisi zilizokuwa bado zinasita kulikubali jibu lake.

Marungu ya bunduki na pembe

Kaoze alizaliwa Marungu, katika kabila la Batabwa, karibu na mwaka 1886. Tarehe yenyewe haikuandikwa, na vitabu vinatofautiana kati ya 1885 na 1890. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba alizaliwa katika miaka ambayo nchi ya mababu zake ilikuwa inageuzwa juu chini.

Biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwa imefika hadi ndani ya vijiji. Misafara ilivuka ziwa kuelekea Ujiji, Tabora na pwani. Wenye bunduki waliwatawala wasio nazo, na watu wa kawaida walikimbilia milimani au kujiweka chini ya ulinzi wa mwenye nguvu.

Mwaka 1883 mwanajeshi Mbelgiji, Émile Storms, alijenga kituo Mpala, kando ya ziwa, kwa niaba ya shirika la mfalme Léopold II. Hakukubaliana na chifu Lusinga, mmoja wa wenye nguvu wa eneo hilo. Desemba 1884 watu wa Storms walishambulia kijiji cha Lusinga, wakamwua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, pamoja na mafuvu ya viongozi wengine wawili, Maribu na Mpampa.

Huko Bruxelles, daktari Émile Houzé aliyapima mafuvu hayo kwa vyombo vyake, na mwaka 1886 akachapisha maelezo juu ya makabila ya upande wa magharibi wa ziwa. Kutoka kwenye mifupa ya watu watatu waliouawa, alitoa hukumu za dharau juu ya watu wazima wa nchi nzima. Huo ulikuwa mtindo wa sayansi ya Ulaya wakati ule: kutafuta akili ya mtu kwa kupima kichwa chake, bila kumwuliza neno.

Hivyo katika miaka ileile ambayo mtoto Kaoze anazaliwa Marungu, maneno ya kwanza ya kisayansi juu ya watu wake yalikuwa yanaandikwa mbali, na mtu aliyeshika fuvu mkononi. Miaka ishirini na mitano baadaye, Ubelgiji huohuo ungepokea maneno mengine juu ya watu haohao, safari hii kutoka kwa mmoja wao aliye hai.

Mpala, shule ya kando ya ziwa

Storms aliondoka mwaka 1885 na kituo chake kikaachiwa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari lililoanzishwa na kardinali Lavigerie huko Alger. Mwaka 1887 alifika kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, kuwalinda wamisionari na watu waliokimbilia kwao. Joubert alioa na kuishi katika nchi ya Batabwa hadi alipofariki mwaka 1927. Wazee wa Moba walimkumbuka kwa muda mrefu.

Wamisionari walikuwa na ndoto ya kujenga huku ufalme wa Kikristo. Katika vijiji vyao padri alikuwa kiongozi wa sala, hakimu na mkuu wa kazi kwa wakati mmoja. Watoto wengi wa kwanza waliolelewa misioni walikuwa wamekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Kulikuwa na chakula na usalama, lakini pia kulikuwa na kengele, adhabu na amri.

Mwenye kushika mamlaka hayo kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Musenyeri Victor Roelens, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1858. Mwaka 1893 alianzisha misioni ya Kirungu, juu ya uwanda ulio mbele ya bandari ya Moba. Aliipa jina la Baudouinville, kwa kumkumbuka mtoto wa ndugu wa mfalme wa Ubelgiji aliyefariki mwaka 1891. Moba ilibaki na jina hilo la kigeni kwa miaka mingi. Roelens aliongoza Kanisa la Kongo ya Juu kutoka 1895 hadi 1941.

Roelens alikuwa mtu mgumu na mwenye kupenda kutawala. Lakini alishikilia wazo moja ambalo wakoloni wengi wa wakati wake walilicheka: kwamba kijana wa hapa anaweza kuwa padri kamili. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alifungua seminari ndogo Mpala. Kaoze alikuwa kati ya wanafunzi wake wa kwanza.

Masomo yalikuwa mazito. Kijana aliyekua akisema Kitabwa na Kiswahili alipaswa kujifunza Kilatini na Kifaransa, kisha falsafa, kisha teolojia. Wengi walioanza hawakufika mwisho. Wengine walirudi kijijini, wengine walioa, wengine walipewa kazi ya ukatekista. Kaoze alibaki. Kati ya kuingia seminari na kupata upadri ilipita zaidi ya miaka kumi na mitano.

Mtu anayesomea kazi kwa muda mrefu hivyo huwa anaangaliwa kila siku. Walimu wake hawakuwa wanapima tu kama anajua kusoma Kilatini. Walikuwa wanajiuliza kama mtu wa taifa lake anaweza kushika ahadi na kubeba jukumu bila mzungu kusimama nyuma yake. Kaoze alilijua swali hilo kwa sababu aliishi ndani yake, na andiko lake linatoka katika miaka hiyohiyo ya seminari.

Andiko la 1910 na 1911

Mwaka 1908 Léopold II alilazimika kuliachia Kongo mikononi mwa taifa la Ubelgiji, baada ya dunia kujua ukatili wa kazi ya mpira. Mmoja wa Wabelgiji Wakatoliki waliokuwa wamepaza sauti dhidi ya utawala huo alikuwa Arthur Vermeersch, padri Mjesuiti na mwalimu wa teolojia ya maadili huko Louvain. Kitabu chake juu ya suala la Kongo kilitoka mwaka 1906.

Vermeersch ndiye aliyelifikisha andiko la Kaoze kwa wasomaji wa Ulaya. La Revue Congolaise ililichapa kwa sehemu, mwaka 1910 na mwaka 1911. Mwandishi wake alikuwa bado mseminari, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu.

Ndani yake Kaoze anaeleza namna watu wake wanavyofahamu mambo, maadili wanayoyafuata, wanavyomfikiri Mungu, maisha na dini. Kwa kifupi, anachora ramani ya ndani ya mtu wa Marungu. Anatumia vyombo alivyofundishwa seminari, yaani mpangilio wa falsafa ya shule za Kikatoliki. Lakini mambo anayoyapanga humo anayajua kutoka nyumbani kwao.

Uzito wa andiko hilo unaonekana mtu akilitazama pamoja na mwaka wake. Juni 1911 Union Minière iliyeyusha shaba yake ya kwanza huko Katanga. Mawakala walikuwa wanazunguka vijijini kutafuta mikono ya kazi. Katika maneno ya kila siku ya kampuni na ya serikali, Mwafrika alikuwa mvivu, mtoto mkubwa, mtu wa kusukumwa. Dharau hiyo ndiyo iliyohalalisha fimbo, mshahara mdogo na kulazimishwa kazi. Kusema kwamba mtu huyo ana akili inayotafuta ukweli na dhamiri inayojua haki kulikuwa kunagusa msingi wa mpango mzima, hata kama mwandishi hakumtaja mwajiri mmoja.

Kaoze hakuwa mwasi. Aliipenda dini aliyoipokea na aliwaheshimu walimu wake. Wasomi waliolichambua andiko lake wanaonya kwamba lilipita mikononi mwa Wazungu kabla ya kuchapwa, na kwamba katika sehemu fulani mwandishi anawatazama watu wake kwa macho ya misioni. Onyo hilo ni la haki. Hata hivyo, tofauti yake na Houzé haifutiki. Yule alianza na mfupa na kutoa hukumu. Huyu alianza na maisha ya watu aliokua kati yao, akaandika kama mtu anayetoa ushahidi juu ya ndugu zake.

Tarehe 21 Julai 1917

Kabla ya upadri wake ilikuja vita. Kuanzia mwaka 1914 ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka wa vita kati ya Wajerumani wa ng'ambo ya pili na Wabelgiji wa upande huu. Albertville, ambayo leo ni Kalemie, iligeuka kambi. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Maelfu kwa maelfu ya Wakongomani walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Septemba 1916 majeshi ya Kongo yaliingia Tabora.

Ni katika hali hiyo ambapo, tarehe 21 Julai 1917, Musenyeri Roelens alimpadirisha Stefano Kaoze huko Baudouinville. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa la Ubelgiji, na kuichagua kulikuwa na maana yake. Kaoze akawa Mkongomani wa kwanza kuwa padri katika Kongo ya Kibelgiji. Karne nne zilikuwa zimepita tangu ufalme wa Kongo, upande wa Atlantiki, ulipompata Askofu Henrique, mtoto wa mfalme Afonso wa Kwanza, mwaka 1518.

Hakuwa peke yake katika eneo la maziwa makuu. Uganda ilikuwa imepata mapadri wake wawili wa kwanza, Bazilio Lumu na Victoro Mukasa Womeraka, mwaka 1913. Miezi michache baada ya Kaoze, Oktoba 1917, Rwanda iliwapata Balthazar Gafuku na Donat Reberaho. Wote walitoka katika misioni za Mapadri Weupe.

Kwa Batabwa, siku hiyo ilikuwa zaidi ya ibada. Mtoto wa Marungu alisimama altareni akisema misa ileile ya Wazungu, kwa Kilatini kilekile. Kile ambacho andiko lake lilikuwa limedai kwa maneno sasa kilikuwa kinaonekana kwa macho.

Padri mmoja, vipimo viwili

Baada ya sherehe ilikuja kazi, na katika kazi ndipo mtu anapojua anahesabiwa namna gani. Mapadri wa Kiulaya walikuwa wanamemba wa shirika lenye nguvu, lenye nyumba, mali na wakubwa huko Ulaya. Padri wa hapa alikuwa padri wa jimbo, chini ya askofu, bila shirika nyuma yake. Upadri ulikuwa mmoja, lakini madaraka na uzito wa neno havikuwa sawa.

Jambo hilo halikuwa la Moba tu. Lilienea Afrika nzima na Asia, kiasi kwamba Roma yenyewe ilililalamikia. Tarehe 30 Novemba 1919 Papa Benedikto wa 15 alitoa waraka Maximum illud. Alitaka mapadri wenyeji wafundishwe kikamilifu na wasiachwe kuwa wasaidizi wa kazi ndogondogo chini ya wageni, bali waandaliwe kuyaongoza makanisa yao. Mwaka 1926 Papa Pio wa 11 alirudia agizo hilo kwa nguvu zaidi katika Rerum Ecclesiae. Mkubwa anayelazimika kutoa amri ileile mara mbili katika miaka saba anajua kwamba ya kwanza haikusikiwa na wote.

Mwaka 1920 Kaoze alisafiri na Roelens hadi Ulaya. Kwa Musenyeri, padri huyo alikuwa ushahidi unaotembea: kazi ya Kongo imezaa matunda. Kwa Kaoze, safari hiyo ilimpa nafasi ya kuwaona Wabelgiji nyumbani kwao, mbali na vyeo walivyovaa wakiwa Kongo.

Aliporudi aliendelea na utume katika misioni za Marungu. Ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu upadri wake hadi alipoaminiwa kuongoza misioni iliyokuwa mikononi mwa mapadri Waafrika peke yao, katika miaka ya 1930. Kwa macho ya leo muda huo ni mrefu. Kwa wakati ule lilikuwa jambo jipya: mkuu wa kituo, hesabu, nidhamu, shule na safari za vijijini vyote vikiwa mikononi mwa wana wa nchi.

Wanaochunguza maisha ya kazi wanajua kwamba mtu huchoka haraka pale anapopewa jukumu bila madaraka, au pale elimu yake inapotambuliwa siku za sherehe na kusahauliwa siku za kugawa kazi. Maisha ya Kaoze yanalionyesha jambo hilo bila yeye kuhitaji kulilalamikia. Alivumilia, akafanya kazi, na waliomfuata wakakuta mlango umefunguka kidogo. Seminari kuu ya Baudouinville iliendelea kuwalea mapadri wa sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo.

Mwandishi wa koo

Kaoze hakuweka kalamu chini. Kwa miaka mingi alikusanya historia ya Batabwa: koo zao, njia walizopita, machifu wao na urithi wao. Alikuwa na nafasi ambayo msomi wa Ulaya hangeweza kuipata. Aliijua lugha, aliwajua wazee, na alijua ni swali gani la kuuliza na ni lipi la kuacha.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na hatari yake. Utawala wa Kibelgiji ulikuwa unapanga upya uchifu, ukiamua nani ni mkubwa na nani yuko chini ya nani. Historia iliyoandikwa na padri anayeheshimiwa iliweza kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine. Allen Roberts, Mmarekani aliyeishi na Batabwa huko Lubanda, karibu na Mpala, katikati ya miaka ya 1970, aliyachunguza maandishi hayo kwa makini. Alionyesha kwamba Kaoze hakuwa mtunza kumbukumbu tu. Alikuwa pia mmoja wa waliojenga namna Batabwa wanavyojitambua kama taifa moja, na maandishi yake yaliingia katika mabishano ya madaraka ya wakati wake.

Hilo halimpunguzii heshima. Linamrudisha kati ya watu: alikuwa na ukoo, alikuwa na upande, na alijua nguvu ya karatasi katika nchi ambayo karatasi ilikuwa imeanza kushinda neno la mzee.

Hadi meza ya Léopoldville

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ubelgiji ulianza kusikia kwamba hauwezi kuendelea kutawala Kongo bila Mkongomani hata mmoja kwenye meza ya mazungumzo. Padri Kaoze alikuwa kati ya Wakongomani wa kwanza kabisa kuteuliwa katika Baraza la Serikali huko Léopoldville, chombo kilichomshauri gavana mkuu.

Baraza hilo lilikuwa la ushauri tu. Wazungu wa serikali, wa makampuni na wa misioni walijaa humo, na sauti za Wakongomani zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa mara nyingine Kaoze aliwekwa mahali ambapo uwepo wake ulikuwa na uzito kuliko uwezo aliopewa. Alikuwa amezoea hali hiyo tangu Mpala.

Roelens alifariki Baudouinville mwaka 1947. Kaoze alimfuata Machi 1951, miaka tisa kabla ya uhuru. Hakuona askofu Mkongomani wa wakati wake. Wa kwanza, Pierre Kimbondo, aliwekwa mwaka 1956 upande wa Kisantu. Hakuona pia jina la Baudouinville likiondolewa na Moba ikirudishiwa jina lake.

Waliokuja baadaye na majina makubwa

Mwaka 1945, Kaoze angali hai, Mfransiskani Mbelgiji Placide Tempels, aliyefanya kazi katika Katanga, alichapisha huko Élisabethville kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Kitabu hicho kilizunguka dunia, kikatafsiriwa na kubishaniwa kutoka Paris hadi Dakar. Mwanzoni mwa karne, Mtabwa mmoja alikuwa ameandika juu ya mambo ya karibu na hayo. Wachache tu walilikumbuka jina lake.

Katika miaka ya 1950 walikuja pia wataalamu wa saikolojia wa Ulaya na majaribio yao. André Ombredane alichapisha mwaka 1954 utafiti wake uliotumia picha ambazo Wakongomani waliombwa kuzieleza. Union Minière nayo ilikuwa na kituo chake cha saikolojia, kwa ajili ya kuchunguza na kuchagua watu wa kazi na wanafunzi wa shule zake. Mfanyakazi Mwafrika alipimwa kasi, kumbukumbu na uwezo wa kufuata mafunzo. Majaribio hayo yalikuwa bora kuliko vyombo vya Houzé, lakini swali lilibaki mikononi mwa yule anayepima, na faida kwanza ilikuwa ya kampuni.

Kaoze alikuwa amependekeza njia nyingine bila kuipa jina: anayechunguzwa awe pia mchunguzi. Ajieleze mwenyewe, kwa kujua kwake, kabla ya wengine kumjazia fomu.

Katika miaka ya baadaye jina lake lilianza kurudi. Mwanafalsafa Mkongomani Valentin-Yves Mudimbe alimtaja kati ya watangulizi wa fikra za kisasa za Afrika. Mwaka 2018 Maurice Amuri Mpala-Lutebele na Jean-Claude Kangomba walitoa Bruxelles kitabu kilichokusanya maandishi yake yote. Mwaka huohuo, uchunguzi wa mwandishi wa habari Mbelgiji Michel Bouffioux uliwakumbusha watu kwamba fuvu la Lusinga lilikuwa bado limehifadhiwa katika taasisi ya serikali huko Bruxelles. Juni 2020 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja mmoja wa mji huo.

Somo kwa wenye ofisi

Leo Moba ni territwari ya jimbo la Tanganyika, na makao makuu ya jimbo yako Kalemie. Kuna ofisi za serikali, shule, hospitali, mashirika ya misaada, makampuni ya kutafuta madini. Katika nyingi kati ya hizo, swali la wakati wa Kaoze halijaisha. Limebadilisha nguo tu. Nani anatoka mbali na kupewa cheo, na nani ni mwenyeji anayefanya kazi yenyewe? Nani anaulizwa maoni, na nani anaitwa kwenye picha tu? Mfanyakazi mwenye diploma anakaa miaka mingapi kuwa msaidizi?

Tasnifu zinazoandikwa juu ya uzima wa taasisi hujaribu kuyajibu maswali hayo kwa fomu na mahesabu. Ni kazi njema. Lakini mtafiti wa Tanganyika anayetafuta mahali pa kuanzia hana lazima ya kwenda hadi Chicago. Anaweza kuanza na kijana wa Mpala ambaye, katika nchi iliyokuwa imepimwa kwa mafuvu, alichukua lugha ya wenye nguvu na kueleza kwamba watu wake wanafikiri. Kisha amfuate katika miaka yake ya kazi: miaka ya kungoja upadri, zaidi ya kumi mingine ya kungoja kukabidhiwa misioni, na mwisho kiti katika baraza lisiloamua. Humo atakuta karibu kila kitu ambacho mfanyakazi wa leo analalamikia, na pia jibu moja la kale: mtu akiaminiwa na kazi nzima, anaifanya.